Paneli Iliyo Juu ya Bati Ni ya Nani?

Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, njia yake ilipita ndani ya wilaya ya Kilosa, kwenye mahandaki yaliyotobolewa milimani. Kusini zaidi, upande wa Mikumi, nyaya nene zinasafirisha umeme wa Kidatu, bwawa la megawati 204 lililoanza kuzalisha mwaka 1975. Umeme si mgeni Kilosa. Lakini kwa kaya nyingi za milimani, umeme huo unapita tu.

Mamboya iko kaskazini mwa wilaya, chini ya milima ya Ukaguru. Kijiji cha milimani hakikai pamoja kama mji. Nyumba tatu ziko huku, tano ng'ambo ya bonde, nyingine juu kabisa kwenye mashamba ya mahindi na maharage. Serikali inapohesabu vijiji 12,318 vya Tanzania Bara vilivyofikiwa na umeme, nguzo inaweza kuwa imeishia kwenye zahanati, shule na nyumba za kando ya barabara. Vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, vina hesabu yake nyingine. Biashara ya sola ya kulipia kidogo kidogo imekulia kwenye pengo hilo.

Wakala anafika na boksi. Mteja anatoa kianzio, fundi anapanda juu ya bati, anafunga paneli, anashusha waya hadi kwenye kisanduku chenye betri. Zinafungwa taa tatu au nne, panakuwa na sehemu ya kuchajia simu, labda na redio. Mwenye uwezo zaidi anachukua na televisheni. Baada ya hapo malipo ni ya siku, wiki au mwezi, kwa simu. Katika mitambo mingi, mteja akishalipa anatumiwa namba, anaibonyeza kwenye kisanduku, na siku alizolipia zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, taa zinazimika hata kama betri imejaa. Baadhi ya visanduku vina laini ya simu ndani, na kampuni inavifunga ikiwa mbali.

Wafanyabiashara wetu wana maneno ya zamani ya kukopeshana. Kuna mali kauli: unachukua mzigo leo kwa ahadi, unalipa ukishauza. Kuna kudunduliza: unalipa kidogo kidogo, na kitu unakichukua siku ya mwisho. Mamboya ilijua mikopo kabla ya simu. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Mpwapwa ilipita hapa, na vitambaa na shanga walizobeba wapagazi mara nyingi vilikuwa vya mkopo wa wenye mitaji wa Unguja. Tofauti ya sola ni kwamba kitu chenyewe ndicho kinachomdai mteja. Hakuna mdai anayebisha hodi. Giza linaingia saa moja jioni na taa haziwaki.

Mpango huu wa sola ulianzia Afrika Mashariki kwa sababu ya pesa za kwenye simu. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Nick Hughes, mmoja wa walioianzisha M-Pesa, alishirikiana na wenzake wawili kuunda M-KOPA, iliyoingia sokoni Kenya mwaka 2012. Mteja alitoa kianzio, kisha akalipa shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa muda wa mwaka hivi, fedha ambazo vinginevyo zingeteketea kwenye mafuta ya taa. Miaka hiyo hiyo, Arusha, ilianza Off Grid Electric, iliyojulikana mitaani kwa jina la M-Power na baadaye ikaitwa Zola.

Off Grid Electric ndiyo iliyokaribia zaidi ukodishaji wenyewe. Mwanzoni haikuuza mtambo, iliuza mwanga: paneli ilibaki mali ya kampuni na mteja alilipia matumizi. Mwaka 2014 ilipata mtaji kutoka SolarCity ya Marekani, kampuni iliyokuwa kinara wa kukodisha paneli kwa wenye nyumba kwa mikataba ya miaka 20. Huko, mwenye nyumba halipi bei ya paneli. Analipa ada ya mwezi, na kampuni inabaki na umiliki pamoja na jukumu la matengenezo.

Mtindo huo haukudumu hapa. Off Grid Electric iligeukia mkopo wa miaka kadhaa ambao ukimalizika mtambo unakuwa wa mteja. Sababu haihitaji mtaalamu. Mwanakijiji aliyejenga kwa tofali zake mwenyewe, bati moja moja kila mavuno, anataka kujua siku ambayo kitu kitakuwa chake. Kodi isiyo na mwisho juu ya paa lake mwenyewe haimwingii akilini, na yuko sahihi.

Biashara hii imebadilisha maisha ya wengi, hilo halina ubishi. Utafiti wa mwaka 2016 wa Wakala wa Nishati Vijijini na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulionyesha kuwa kati ya kaya 100 za vijijini zenye umeme, karibu 65 ziliupata kwa sola. Wapo waliolipia kidogo kidogo, na wapo walionunua taslimu dukani. Koroboi imetoka mezani, mtoto anasoma bila moshi. Mwenye mtambo mkubwa kidogo anachaji simu za jirani kwa malipo au anafungua kibanda cha kinyozi.

Lakini bei inahitaji kalamu na karatasi. Tuseme mtu anaambiwa alipe shilingi 1,000 kwa siku. Inasikika kama bei ya vocha. Kwa mwaka ni 365,000, na kwa miaka mitatu ni 1,095,000, bila kianzio. Nyumba ya kijijini iliyo karibu na nguzo inaunganishwa na TANESCO kwa shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Shilingi 1,000 ya LUKU inampa uniti nane. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, inatoa robo ya uniti hivi, pengine pungufu. Kwa hiyo aliye karibu na nguzo akichukua sola ya mkopo, anapoteza. Aliye mlima wa pili hana nguzo ya kulinganisha nayo, na kwake hesabu inageuka: analinganisha na betri za tochi na mafuta ya taa.

Jambo la pili ni msimu. Mkulima wa Mamboya hapati fedha kila siku. Anazipata anapouza mahindi kuanzia katikati ya mwaka, na kufikia Februari, maharage ya kula yenyewe ni ya kubana. Miezi hiyo ndiyo ya mvua na mawingu, paneli nayo inatoa kidogo. Kumdai malipo ya kila siku ni kumpimia kwa kipimo cha mwenye mshahara. Mkopo wa namna hiyo ukizidi unakaribia kuwa ule ambao watu wameupa jina la kausha damu.

Na kampuni nazo huanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na ofisi Arusha, iliuza mitambo ya wati 80 hadi 200 kwa malipo ya miezi 36 na kuahidi matengenezo kwa kipindi chote hicho. Aprili 2019 iliomba ulinzi wa ufilisi, na mwaka huo huo ikachukuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Marekani nako si shwari: Sunnova, moja ya kampuni kubwa za sola za majumbani, iliomba ulinzi wa ufilisi Juni 2025. Mkataba mrefu ni dau juu ya uhai wa kampuni.

Anayefikiria kuchukua mtambo amuulize wakala jumla ya fedha zote mpaka mwisho, si ya siku. Aulize mtambo unakuwa wake tarehe gani, na siku hiyo kufuli inafunguliwa na nani. Aulize betri ikichoka kabla ya deni kwisha nani analipa, maana betri huchoka mapema kuliko paneli. Fundi akipanda juu, paneli ilale kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa Mamboya iko kusini mwa ikweta, na mvua iweze kuiosha vumbi.

Kampuni nazo zina la kufanya, na mamlaka zilisimamie: jumla ya bei iandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, na mkulima apewe nafasi ya kulipa baada ya mavuno.