Mbona mashine ya randa hula ncha za mbao?

SEREMALA wa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, anapozima mashine yake ya randa ya mezani huwa na hakika kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Ubao ulioingia ukiwa na alama za msumeno umetoka laini. Anaupaka vanishi, anauelekeza kwenye mwangaza wa mlangoni, na hapo ndipo aibu inapojitokeza: inchi mbili au tatu za kila mwisho wa ubao zimeliwa zaidi ya sehemu nyingine. Kidole kikipitishwa juu yake huhisi kingazi chembamba ambacho jicho halikukiona mapema.

Kasoro hiyo mara nyingi haizidi nusu milimita, na pengine ni sehemu ya kumi tu ya milimita. Mteja huenda asiione ubaoni, lakini ataiona kwenye maungio. Ncha za ubao ndipo panapochongwa ulimi wa kuingia katika tundu, na ndipo mbao mbili zinapokutana kwa gundi. Mlango ambao vipande vyake vimekonda mwishoni huacha nyufa kwenye pembe, na nyufa hizo hazizibiki kwa gundi bila kuonekana.

Wengi huvilaumu visu. Huvitoa, huvinoa, huvirudisha, na mbonyeo hubaki palepale. Kisu butu kina makosa yake, hasa kung'oa nyuzi na kuifanya mashine itetemeke, lakini kisu kikali nacho hula ncha ikiwa ubao haukushikiliwa sawasawa. Chanzo hasa ni uzito na mwinuko.

Ndani ya mashine mna rola mbili, moja mbele ya visu na nyingine nyuma yake. Kazi yake ni kuukandamiza ubao mezani na kuuvuta upite. Kati ya kila rola na visu kuna nafasi ya sentimita tano hivi, au zaidi kidogo kutegemea mashine. Ubao unapoanza kuingia hushikwa na rola ya kwanza peke yake. Sehemu yake ndefu ingali nje, ikining'inia na kuvuta chini kwa uzito wake, kwa hiyo ile ncha iliyo ndani huinuka kama upande wa pili wa pembea na kukutana na visu ikiwa juu kuliko inavyopaswa. Ikishafika chini ya rola ya pili, ubao hutulia na mkato huwa sawa. Mwishoni mambo hugeuka: rola ya kwanza huuachilia ubao, sehemu iliyokwisha kutoka huinama upande wa pili, na mkia wake hupanda kuelekea kwenye visu.

Ndiyo maana urefu wa mbonyeo hukaribia nafasi iliyopo kati ya rola na visu. Fundi anayetaka kuhakikisha aichore ncha ya ubao kwa penseli, aupitishe kwa mkato mwembamba, kisha atazame michoro ilipofutika kwanza.

Mashine kubwa za viwandani hazina budi kuwa na tatizo hili pia, ila huwa nalo kwa kiasi kidogo kwa sababu ya meza zake nzito za chuma na vibanio vinavyoukandamiza ubao karibu kabisa na visu. Ile ya mezani ilibuniwa kwa ajili ya kubebeka. Kampuni ya Ryobi ya Japani iliingiza sokoni mashine yake ndogo ya AP-10 katika miaka ya 1980, na watengenezaji wengine wakafuata. Makita 2012NB, kwa mfano, ina uzito wa takriban kilo 28 na hupokea ubao wenye upana wa milimita 304. Katika mtaa kama Baba Dogo, ulio katika eneo bunge la Ruaraka, ambako viwanda, nyumba za kupangisha na karakana ndogo hubanana, faida ya mashine ya aina hiyo ni dhahiri. Hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, na jioni watu wawili huinyanyua na kuifungia ndani. Wepesi huo ndio unaolipiwa kwa ncha za mbao, kwani katika nyingi ya mashine hizi kichwa chenye visu husimama juu ya nguzo nne na huweza kuyumba ubao unapoingia au kutoka. Zipo zenye kitasa cha kukikaza kichwa baada ya kupima unene. Inasikitisha kuona kitasa hicho kikiachwa bila kuguswa kwa miezi.

Hasara yake huhesabika. Chukua ubao wa futi nane, yaani inchi 96, unaokusudiwa kutoa miguu ya viti yenye urefu wa inchi 17. Fundi akiukata kwanza na kupiga randa baadaye, huku mashine yake ikila inchi tatu kila upande, itambidi kila kipande kiwe na inchi 23 ili abaki na 17 zilizo safi. Atapata miguu minne. Akiupiga randa ukiwa mzima atapoteza inchi sita tu, abaki na 90, na kupata miguu mitano hata akiacha nafasi ya upana wa msumeno. Kwa mbao 20 tofauti ni ya miguu 80 dhidi ya 100, yaani viti 20 au viti 25 kutoka malighafi ileile.

Hesabu hiyo ina uzito nchini Kenya. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na Rais William Ruto hakutangaza kuondolewa kwa marufuku hayo hadi Julai 2023. Katika miaka hiyo bei ya mbao ilipanda, na mafundi walizidi kutegemea mbao za miti ya mashambani na zile zilizotoka nchi jirani. Aidha, serikali ilipoahidi kuwapa mafundi wa Jua Kali kazi ya kutengeneza milango ya nyumba za bei nafuu, ilimaanisha milango mingi yenye unene mmoja, ambako ubao uliokonda mwishoni hauwezi kufichwa.

Dawa ya kwanza haina gharama. Ubao unapoingia, fundi aunyanyue kidogo mwisho ulio mkononi mwake, kiasi cha kuibana ncha ya mbele mezani, na asiushushe hadi rola zote mbili ziushike. Kisha azunguke, aupokee upande wa pili na kuunyanyua vivyo hivyo hadi utoke wote. Kuinua kupita kiasi huupinda ubao na kuleta kasoro nyingine. Kwa mbao ndefu msaidizi huhitajika, au vigoda viwili vya rola vilivyo sawa na kimo cha meza.

Pili ni meza zenyewe. Mashine nyingi zina meza mbili za kukunjwa, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea, na chini yake mna skrubu za kurekebishia. Baada ya kuchomoa plagi, levo ndefu iliyonyooka ilazwe kutoka meza moja hadi nyingine. Kingo za nje zikiwa chini ya meza ya katikati, mbonyeo hauepukiki. Mafundi wenye uzoefu huziinua kingo hizo zipite usawa kwa milimita moja hivi, wajaribu kwa ubao usio na thamani, kisha waongeze au wapunguze. Vumbi na utomvu wa msonobari au saiprasi visafishwe, na meza isuguliwe kwa mshumaa wa kawaida ili ubao uteleze. Mafuta hayafai, kwani huingia katika mbao na kuikataa vanishi.

Kwa oda kubwa ipo mbinu bora zaidi, nayo ni msafara. Mbao za unene mmoja huingizwa zikifuatana, kila moja ikiigusa iliyotangulia, mbele pakiwa na kipande cha takataka na nyuma kingine. Mashine huviona kama ubao mmoja mrefu, na vinavyoliwa ni vile vipande viwili tu. Kwa ubao mmoja wa thamani, tuseme wa mvule, vipapi viwili virefu kuliko ubao hugandishwa ubavuni mwake kwa matone machache ya gundi, vikitangulia na kumalizia mbele na nyuma. Visipigiliwe misumari. Kisu kinachokutana na msumari hupata pengo litakaloacha mstari katika kila ubao utakaofuata, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaotumia mbao za paleti.

Mkato wa mwisho uwe mwembamba, nusu milimita au chini ya hapo, kwa kuwa kichwa hakisukumwi kwa nguvu na mbonyeo hupungua. Kanuni ya kupiga randa kabla ya kukata nayo ina mpaka wake: ubao uliopinda au kujisokota hautanyooshwa na mashine hii, kwani rola huukandamiza ukipita na hurudia umbo lake ukitoka. Ubao wa namna hiyo ni afadhali ukatwe vipande na kusawazishwa upande mmoja kwa randa ya mkono kwanza. Hata hivyo, vipande vifupi mno visiingizwe kamwe. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha sentimita 30 hadi 35, kwa sababu kipande kisichofikia rola ya pili kabla ya kuachwa na ya kwanza huweza kurushwa kwa kasi.

Na kama ncha zimekwisha kuliwa na hakuna urefu wa kukata, kusugua mwisho peke yake kwa msasa huongeza mteremko badala ya kuuondoa. Kinachotakiwa kushushwa ni sehemu ya katikati, kwa randa ya mkono iliyonolewa, hadi ilingane na ncha. Taa iwekwe chini ubavuni mwa ubao, si juu yake, ili kivuli cha kile kingazi kionekane kabla kopo la vanishi halijafunguliwa.