Mwana Akiomba Kupunguzwa Tumbo

Wakazi wa wadi ya Airport, kule Changamwe, Mombasa, hulala na kuamka na mngurumo wa ndege. Wanajua bila kuambiwa kwamba kwenye foleni za uwanja wa Moi hawasimami watalii na wanaokwenda kutafuta riziki Ghuba peke yao. Yupo pia mgonjwa, faili kwapani, safari yake India. Siku hizi India na Uturuki huwatangazia wageni upasuaji wa kupunguza uzito kama zinavyotangazwa hoteli za Diani. Tangazo hilo halimfikii mtu mzima tu. Humfikia pia msichana wa kidato cha tatu mwenye kilo 110, ambaye sare yake imeshonwa upya mara mbili na ambaye daktari amekwisha kumwambia kuwa sukari imepanda. Hata akiutaka upasuaji huo, hawezi kujiamulia: Katiba ya 2010 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hospitali itataka sahihi ya mzazi au mlezi. Ndipo anapomwendea mamake, na nyumba nzima ikageuza jambo kuwa la ndiyo au la. Naona hapo ndipo linapoharibika, kwa sababu sahihi ni sehemu ndogo kabisa ya msaada ambao mtoto huyo anauomba.

Tutazame kwanza upasuaji wenyewe. Ule unaofanywa zaidi duniani leo hukata na kuondoa robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, ukaacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo pia inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya kuamsha njaa, kwa hiyo mtu hushiba upesi na hamu yenyewe hupungua. Aina ya pili huacha kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Upasuaji huu haufanyiwi kila mnene. Madaktari huchukua kilo na kuzigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Msichana wetu, akiwa na urefu wa mita 1.60, hupata karibu 43. Kwa vijana, miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani huanza kuufikiria kwenye 35 pakiwa na maradhi mazito, kama kisukari cha aina ya pili au kukatika pumzi usingizini, na kwenye 40 hata bila maradhi hayo. Anayetaka tu gauni la harusi ya dadake limkae vizuri hayumo, na mzazi anayemkatalia huyo yuko sawa.

Pingamizi la kwanza linajulikana: si apunguze tu viazi karai na soda, atembee? Laiti ingetosha. Sweden waliwachukua vijana 50 wa miaka 13 hadi 16 wenye unene uliokithiri, wakawagawa kwa kura: nusu wapasuliwe, nusu wapewe lishe maalumu na usimamizi wa karibu wa wataalamu, si makaripio ya jikoni. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili kile kipimo cha kilo kwa urefu kilishuka kwa 12.6 upande wa waliopasuliwa, na kwa 0.2 upande wa wenzao. Mwili uliofika huko huutetea uzito wake. Ukinyimwa chakula huongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu. Lishe na mazoezi humfaa aliyezidi kilo kumi. Aliyezidi hamsini anahitaji zaidi ya nasaha. Tena wanaomnyooshea kidole mtoto wajitazame wenyewe: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye miaka 20 hadi 49, 45 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mtoto wa Pwani hali peke yake, hula kwenye sinia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: asubiri afike 18, ajiamulie. Lingekuwa jibu la hekima kama kusubiri hakuna gharama. Utafiti wa Marekani uitwao Teen-LABS uliwalinganisha vijana 161 na watu wazima 396 walioanza kunenepa wakiwa vijana, wote wakiwa wamefanyiwa upasuaji wa aina moja. Baada ya miaka mitano uzito ulikuwa umepungua karibu sawa pande zote, zaidi kidogo ya robo. Maradhi ndiyo yaliyowatenganisha. Kisukari kilitulia kwa vijana 86 katika kila 100 waliokuwa nacho, kwa watu wazima 53. Shinikizo la damu, 68 kwa 41. Kilo zinaweza kungoja. Figo, macho na mishipa havingoji, na kisukari cha ujanani huenda mbio kuliko kile cha watu wazima. Matokeo ya miaka kumi, yaliyotolewa 2024, yaliwakuta vijana wale bado wako chini kwa asilimia 20 kwa wastani, na zaidi ya nusu ya waliokuwa na kisukari kimetulia.

Nikiishia hapo nitakuwa nauza upasuaji. Utafiti huo huo ulikuta karibu nusu ya vijana wana upungufu wa akiba ya chuma mwilini, na kwamba walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi kuliko watu wazima. Katika utafiti mwingine wa Sweden, wa awali, wa vijana 81, robo walipasuliwa tena tumboni ndani ya miaka mitano, na wengi zaidi waliendelea kuhitaji matibabu ya akili kuliko rika lao. Kilo ziliondoka, huzuni haikuondoka nazo. Tumbo lililopunguzwa halimpi mtu vitamini na madini ya kutosha, kwa hiyo vidonge ni vya maisha na damu hupimwa kila mwaka. Kijana huvisahau vidonge. Nani atamkumbusha akiwa shule ya bweni? Nani atavinunua mwezi ambao kibarua hakikulipa? Nani atabadilisha mapishi ya nyumba ili aanze na samaki au yai, kidogo kidogo, bila soda mezani? Hata futari huwa na mtihani wake: aliyefanyiwa ile njia ya mkato akila kaimati za shira huweza kutokwa jasho na moyo kumwenda mbio, na kwa kuwa hunywa kwa mafunda madogo, kufunga kwenyewe ni jambo la kumuuliza daktari kwanza. Lipo pia lisilosemwa mbele ya wageni. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka, ilhali mimba yatakiwa kucheleweshwa angalau mwaka hadi mwaka na nusu. Familia inayopanga kumwoza binti baada tu ya kidato cha nne lazima ilijue hilo kabla ya kisu.

Wapo wanaosema kukata tumbo ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Wanazuoni wengi hutenganisha matibabu na mapambo, na kisukari si pambo. Wengine huuliza habari za sindano za semaglutidi, ambazo Marekani iliziruhusu kwa walio na miaka 12 na zaidi mwishoni mwa 2022. Zinapunguza uzito kweli, ila zikiachwa kilo hurudi, kwa hiyo nazo ni mzigo wa kila mwezi.

Basi mama aliyeombwa asikimbilie ndiyo wala la. Ampeleke mwanawe akapimwe uzito, sukari na shinikizo la damu. Hospitali ya Port Reitz haiko mbali na uwanja wa ndege. Namba zikithibitisha hatari, aombe wapelekwe kwa daktari wa watoto, mtaalamu wa lishe na mshauri wa akili kabla ya kumtafuta mpasuaji, awe Nairobi au ng'ambo. Na akifika kwa mpasuaji amuulize: mwaka wa tatu baada ya ndege kutua, ni nani hapa Mombasa atakayepima damu ya mwanangu na kumtibu ikiwa imepungua? Asipotajiwa jina na kliniki, asitie sahihi.