Daraja Halikutosha

Wafanyabiashara wa visiwani waendao Guangzhou kununua nguo na vyombo huona pembe ndogo tu ya jambo kubwa linalotendeka kusini mwa China. Huko, kwenye mlango wa Mto Pearl, miji tisa ya jimbo la Guangdong inaunganishwa na Hong Kong na Macau iwe eneo moja la uchumi, lenye watu wanaozidi milioni 80. Mpango wake rasmi ulitangazwa na Serikali ya China mwezi Februari, 2019.

Ieleweke kwamba nchi ni moja, lakini milango ni mitatu. Hong Kong ilirejeshwa na Waingereza mwaka 1997, Macau ikarejeshwa na Wareno mwaka 1999, na kila moja ikabaki na sarafu yake, sheria zake na forodha yake. Hata upande wa kuendesha gari hutofautiana: Hong Kong na Macau ni kushoto, bara ni kulia.

Mwezi Oktoba, 2018, lilifunguliwa daraja la kuziunganisha Hong Kong, Zhuhai na Macau. Pamoja na barabara zake za kuungia lina urefu wa kilomita 55, na sehemu yake hupita katika handaki chini ya bahari, baina ya visiwa viwili vilivyojengwa na binadamu. Kazi hiyo tunaistahi. Lakini kwa muda wa miaka kadhaa magari yaliyolipita yalikuwa machache, kwa sababu mwenye gari binafsi wa Hong Kong hakuweza kuingia bara bila kibali maalumu, na vibali vyenyewe vilikuwa vya kuhesabika. Mwezi Julai, 2023, Guangdong ilianza kuwaruhusu wenye magari wa Hong Kong kuingia kwa kuomba ruhusa na kuweka nafasi ya safari, na magari yakaongezeka sana. Daraja halikuongezwa hata jiwe moja. Kilichobadilika ni kanuni. Wakubwa wanaopenda kukata utepe wangelitazama jambo hili kwa makini.

Hata hivyo, iko forodha nyingine isiyo na lango wala askari. Shenzhen, iliyofanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 17 mwaka 2020. (Husemwa kuwa kilikuwa kijiji cha wavuvi, kwa hakika palikuwapo mji wa soko.) Walio wengi kati ya watu hao hawakuwa wameandikishwa kuwa wakaazi wa mji huo. Walitoka mashamba ya majimbo mengine, wakajenga maghorofa na kuendesha viwanda, huku daftari la ukaazi wao likibaki kijijini. Na mtoto wa mfanyakazi wa namna hiyo akitaka kuingia shule ya serikali, hushindania nafasi kwa alama, ambazo hupimwa kwa nyumba wanayokaa wazazi wake na miaka waliyolipia bima ya jamii.