Waliniambia kikombe kitaoza. Miezi minane sasa, bado kinabeba juisi

Kuna ndoo kwenye roshani yetu hapa Kongowea ambayo mama ameshatishia mara tatu kuimwaga. Ndani mna maji ya bahari na kikombe kimoja cha juisi. Nilikitia humo Januari, na kila Jumamosi huenda kuteka maji mapya. Juzi nilikitoa, nikakisuuza, nikakijaza maji ya mfereji. Manze, hakikuvuja hata tone.

Ngoja nikueleze kilichonifikisha hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kwa kuwa kublogu hakulipi stima, wikendi nauza juisi ya ukwaju karibu na feri ya Likoni. Mwaka jana jamaa mmoja aliniletea vikombe vyenye picha ya jani la kijani. "Hivi vinaoza, bro. Vimetengenezwa kwa mahindi." Bei ilikuwa karibu mara mbili ya vile vya kawaida. Nikachukua katoni mbili, nikaandika bango: VIKOMBE RAFIKI KWA BAHARI. Wateja wakapiga picha, wengine wakaniachia chenji. Na upepo ukirusha kikombe majini, sikujali. Si kitaoza?

Pesa zimeuma, lakini bango limeuma zaidi. Niliwaambia watu jambo ambalo sikulichunguza.

Ndipo nikaanza kusoma. Yule jamaa, kumbe, hakunidanganya moja kwa moja. Vikombe vya aina hii hutengenezwa kwa plastiki inayoitwa PLA, na kweli inatokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Inaoza, ndiyo, ila inataka mtambo maalum wa kutengeneza mboji, wenye joto la karibu nyuzi 60. Wewe umewahi kuogelea kwenye bahari ya nyuzi 60? Maji yetu ya Mombasa hucheza kati ya 25 na 30. Humo, PLA hukaa tu kama plastiki nyingine yoyote.

Shika hapo, maana ndiyo habari yenyewe: "inaoza" ni sentensi ambayo haijaisha. Inaoza wapi? Kwa muda gani?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliuliza maswali hayo. Walichukua mifuko ya madukani, wakafukia mingine udongoni, mingine wakaiacha hewani, mingine wakaizamisha baharini. Mwaka 2019, Imogen Napper na Richard Thompson walitoa matokeo. Mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ulikaa miaka mitatu udongoni na baharini, na bado ungeweza kubebea shopping. Ule wa kutengenezewa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwa bado unaonekana baada ya miezi 27. Mfuko mmoja, mahali pawili, majibu mawili.

Je, ipo plastiki inayooza baharini kwelikweli? Ipo. Mojawapo ni jamii ya PHA, na inatengenezwa na bakteria. Wakila wakashiba, huweka akiba mwilini kama vile wewe unavyoweka kitambi. Mfaransa Maurice Lemoigne aliitambua akiba hiyo katika miaka ya 1920. Kwa sababu ni chakula kilichohifadhiwa, vijidudu wengine, hata wa baharini, wanajua kukila. Tatizo ni kwamba bei yake ni mara kadhaa ya plastiki ya kawaida, na unene una kazi yake: karatasi nyembamba huliwa haraka, lakini chupa nene inaweza kupita mwaka mzima.

Halafu wako Wajapani. Novemba 2024, kundi la Takuzo Aida katika taasisi ya RIKEN lilitangaza plastiki ngumu inayoyeyuka katika maji ya chumvi kwa muda wa saa chache tu. Viungo vyake vimeshikana kwa namna ambayo chumvi huvifungua, kama ufunguo na kufuli. Ili isiyeyuke mkononi mwako lazima ipakwe utando wa kuikinga, na ikishayeyuka huacha fosforasi na nitrojeni. Vijidudu hula hizo, lakini zikizidi mahali pamoja hurutubisha mwani mpaka ukakaba viumbe wengine. Kwa hivyo hata hapo, hakuna cha bure.

Mimi naona plastiki hizi zina kazi yake hasa kwenye vitu ambavyo vitapotelea majini hata tukiwa waangalifu vipi: nyavu, mishipi, kamba za wakulima wa mwani kama wale wa Kibuyuni, Kwale. Wavu wa nailoni ukikatika haustaafu. Unaendelea kunasa samaki na kasa bila mwenyewe. Norway wamejaribu nyavu zinazooza, zikanasa samaki wachache kuliko za nailoni. Nilipomsimulia mzee mmoja mvuvi hapa kwetu, alicheka. "Mwanangu, wavu ukioza kabla haujanilipa, mimi nile nini?" Sikuwa na jibu. Na maabara yoyote isiyomjibu yule mzee, wavu wake utabaki maabara.

Lakini kikombe cha juisi si wavu. Hakina lazima ya kufika baharini. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao pale Gigiri, lilionya tangu 2015 kwamba plastiki zinazooza hazitapunguza sana taka za baharini, na kwamba neno lenyewe linaweza kumfanya mtu atupe ovyo. Nilisoma hapo nikajiona mimi, pale kivukoni, nikitazama kikombe kikielea.

Sisi Wakenya tayari tuna funzo letu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, faini ikafika hadi milioni 4. Hatukungoja mfuko wa miujiza. Tulibeba kikapu.

Basi ukiuziwa kitu chenye jani la kijani, muulize muuzaji: Kinaoza wapi? Kwa muda gani? Nani atakipeleka huko? Akibabaika, rudisha doo mfukoni.

Mimi bango nimelibadilisha. Sasa linasema: LETA KIKOMBE CHAKO, UPUNGUZIWE KUMI. Wengine natumia bilauri, naziosha pale pale. Mikono imechubuka, faida imeshuka kidogo, lakini nalala.

Ndoo haimwagwi. Nimemwomba mama mpaka Januari.