Usuhuba wa Vijana Safarini

 



Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Sayyidna Umar akamwuliza kama ni jirani yake. Akajibu, la. Akamwuliza kama amewahi kuamiliana naye kwa fedha. La. Akamwuliza kama amesafiri naye. La. Basi Sayyidna Umar akamwambia kuwa hamjui. Hakumwuliza kama wamesoma chuo kimoja, wala kama huketi pamoja barazani kila jioni. Na usuhuba wa vijana wetu wengi umejengwa juu ya hayo mawili tu.

Barazani kila mmoja amekwisha kula kwao, na akichoshwa na mwenziwe huinuka akaenda zake. Safarini hapana pa kwenda. Chukueni vijana wawili wa miaka 16, waliokulia mtaa mmoja, wakapanda gari moshi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Saa za mwanzo ni vicheko. Usiku mmoja hulala amemwegemea mwenziwe, naye mwenziwe hapati usingizi. Asubuhi aliyelipa chai ya jana hungoja alipiwe, na wa pili hutazama dirishani. Wakifika Tabora wanajibizana kwa neno moja moja, na urafiki wa miaka 10 umo hatarini kwa sababu ya kikombe cha chai.

Ni kweli kwamba safari humfichua mchoyo. Lakini tusifanye haraka kuhukumu, kwani njaa na uchovu humfanya hata mwema akawa mkali. Mtume (S.A.W.) ameihesabu safari kuwa ni sehemu ya adhabu, maana humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Ndiyo sababu Sheria ikamkhafifishia msafiri: Sala ya rakaa nne huwa mbili, na ana ruhusa ya kufungua Saumu. Ikiwa Mola amempunguzia msafiri haki Zake, vipi rafiki adai zake zote kamili?

Katika Suratul Kahf mna habari ya Nabii Musa (A.S.) na kijana wake, aliyetajwa katika Hadithi kuwa ni Yusha bin Nun. Kijana alimsahau samaki wao penye jiwe. Wakaenda mbele hata wakachoka, Nabii Musa akataka chakula cha mchana, na hapo kijana akasema wazi kuwa amesahau. Ni watu wawili wenye njaa, na njia yote ile ni ya kurudiwa! Hapakutoka lawama. Nabii Musa alisema kuwa pale ndipo walipokuwa wakipatafuta, wakarudi wakifuata nyayo zao. Kijana hakuficha, na mkubwa hakukemea.

Na katika mwaka wa 2 wa Hijra, masahaba zaidi ya 300 walikwenda Badr na ngamia kama 70, wakipanda kwa zamu. Wenziwe Mtume (S.A.W.) walitaka yeye apande wakati wote. Akakataa, akashuka zamu yake ilipokwisha.

Basi enyi vijana, semezaneni kabla ya kuondoka. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu watatu wanaosafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri, nanyi hata mkiwa wawili, mkubalianeni nani atakayekata shauri mkikhitilafiana. Fedha za chakula tieni sawasawa katika mfuko mmoja, ashike mmoja. Na mkifika, kilichobaki kihesabiwe mbele yenu nyote na kugawanywa, japo ni shilingi chache.