Mashine ya kuoshea vyombo

Mashine ya kuoshea vyombo ni kifaa cha umeme kinachosafisha sahani, vikombe na vijiko kwa kuvirushia maji ya moto yenye sabuni. Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1886, na mwaka 1893 ilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia mjini Chicago.

Utunzaji

Maji hupita katika chujio lililo chini ya mashine, kisha hurushwa tena. Chujio likijaa mabaki ya chakula, vyombo hutoka na uchafu na mashine hunuka. Kwa hiyo chujio hutolewa mara kwa mara na kusuguliwa kwa brashi laini. Matundu ya mikono inayozunguka huzibuliwa kwa kijiti, na mpira wa mlango hufutwa kwa kitambaa.

Maji magumu, yaani yenye kalisi na magnesi nyingi, huacha ukoko mweupe ndani ya mashine. Ukoko huo huyeyushwa kwa asidi ya limau, mashine ikiendeshwa bila vyombo kwa maji ya moto.

Usalama

Dawa ya klorini haichanganywi kamwe na siki wala asidi nyingine, kwa sababu hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Sabuni ya mashine huwa na alkali kali. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza mdomo na koo. Hivyo hufungiwa mahali asipofikia. Visu huwekwa ncha zikielekea chini.