Vijana wa Toi na maigizo: kweli au si kweli?

“Maigizo ni ya wenye kipaji.” Si kweli.

Pita Soko la Toi, pale Kibera inapokaribiana na Ngong Road upande wa Adams, usikilize vijana wanaouza mitumba. Mmoja amepanda juu ya meza, suruali tatu begani, anaita bei. Mama akisimama, kijana anashusha sauti. Mama akigeuka kuondoka, anampigia hesabu mpya. Pumzi anayo, na anajua lini aseme na lini anyamaze. Anachokosa ni nafasi ya kusema jambo lake mwenyewe badala ya bei ya suruali.

Na Kenya imeshaona watu wa kawaida wakipata nafasi hiyo. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi ambao hawakuwa waigizaji walicheza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji waliwasahihisha waandishi kuhusu lugha, nyimbo na jinsi kazi inavyofanyika shambani na kiwandani. Novemba mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku onyesho hilo, na mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Serikali haihangaiki hivyo kwa sababu ya watu wasiojua kuigiza.

“Akitoa yote ya moyoni mbele za watu, atapona.” Si kweli, na hapa ndipo vijana wanapoumizwa.

Kijana anawekwa katikati ya duara, anaambiwa asimulie siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Analia, wenzake wanalia, mgeni anapiga picha. Jioni anarudi nyumbani peke yake, na kesho yake mtaa mzima unajua kilichotokea chumbani kwao. Hilo si tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia unasema wazi kwamba aliyepatwa na msiba asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Anayetaka kusema asikilizwe, na asiyetaka aachwe.

Nguvu ya maigizo iko kwenye umbali. Mwalimu anayejua kazi yake hamwambii msichana wa miaka kumi na mitano “tuambie kilichokupata.” Anaweka rundo la mitumba sakafuni na kumwambia achague vazi moja, kisha alisemee. Tuseme amechukua sweta ya shule:

“Mimi ni sweta. Mwenyewe alinivua wiki ya pili ya muhula, akanificha chini ya godoro. Baba akiuliza, husema nimefuliwa. Kengele ya shule ikilia, nahisi mkono wake ukinigusa, halafu unaondoka.”

Karo haikutajwa, wala mimba, wala mjomba. Hakuna anayeruhusiwa kumuuliza “Kwani ni wewe?” Akitaka, wiki ijayo sweta itasema zaidi. Akitaka, mwenzake ataisema badala yake naye akae kwenye benchi ayasikie maneno yake kwa sauti ya mtu mwingine; kwa wengi hapo ndipo mzigo unapoanza kupungua. Na akibadili nia usiku wa kuamkia onyesho, hadithi inaondolewa, hata kama mabango yameshabandikwa.

Mwalimu awe pia amejiandaa kabla ya zoezi la kwanza: mtoto akifichua kwamba anadhulumiwa, anapelekwa kwa nani? Nchini Kenya namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Asiyekuwa na jibu la swali hilo asianze kabisa.

“Jukwaa peke yake linamtoa kijana hatarini.” Nusu kweli.

Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliona mapema kwamba jukwaa peke yake halitoshi. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuchambua wenyewe yanayowakwamisha, wayaigize, kisha wayajadili na walimu na wanafunzi wenzao. Klabu shuleni ziliendelea kufuatilia. Baadaye shirika la FAWE, lenye makao Nairobi, likaueneza mradi huo katika nchi nyingine za Afrika. Makofi hayalipi karo. Lakini mwalimu mkuu aliyeketi mstari wa mbele na kusikia anaweza kubadili kanuni.

“Haya ni mambo ya wafadhili.” Si kweli.

Kennedy Odede alianzisha shirika la kijamii la SHOFCO huko Kibera mwaka 2004 akiwa na mpira wa miguu na maigizo ya mitaani. Zahanati na shule zilikuja baadaye.

“Watazamaji wakae kimya.” Si kweli.

Augusto Boal wa Brazili aliuvunja ukuta kati ya jukwaa na watazamaji miaka ya 1970: onyesho linasimama penye mgogoro, na mtazamaji anaingia kujaribu njia yake. Lilete Toi. Askari anamsimamisha kijana anayetoka sokoni jioni na gunia la viatu, anamtaka risiti. Kijana anababaika, anakamatwa. Simamisha! Mama mboga anachukua nafasi yake, anapiga kelele, naye anakamatwa. Makanga anajaribu kutoa kitu kidogo. Vijana wanampinga, maana kesho askari atarudi. Wa tatu anauliza kwa upole anakamatwa kwa kosa gani na anapelekwa kituo kipi, huku rafiki yake akikimbia kuwaita watu wa nyumbani. Hapo mwalimu anawasomea Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010: anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha siku au saa ambazo mahakama haifanyi kazi. Kisha wanarudia onyesho tangu mwanzo, na safari hii kijana wa kwanza ndiye anayeuliza.